Nauli za London kwa mgeni anayetoka nyumbani: kadi ya kushika, tiketi ya kununua na tiketi ya kuachana nayo

#1 Mwanzisha uzi

Ndugu wana jukwaa, salaam.

Kila msimu wa mahafali unapokaribia huonekana hapa maswali ya wazazi na ndugu wanaojiandaa kwenda London kumtembelea mtoto au jamaa, na karibu wote huuliza jambo moja: wanunue tiketi ya aina gani kabla ya kuondoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Jibu langu, ambalo nitalieleza kwa kirefu, ni kwamba mtu mzima anayekwenda huko kwa siku chache hana haja ya kununua tiketi yoyote akiwa nyumbani. Achague kadi moja ya kulipia, ya benki au ya Oyster (kadi ya usafiri ya jiji lile, ambayo unaiwekea salio), na akishaichagua asiibadilishe mpaka siku ya kuondoka. Hesabu ya kujua tiketi ipi ingekuwa nafuu kwake hufanywa na mfumo wenyewe.

Nauli katika jiji lile hupangwa na Transport for London, mamlaka ya usafiri ya jiji, ambayo wenyeji huiita TfL. Treni hutoza kwa zoni. Zoni ya 1 ni katikati ya jiji, na namba huongezeka kadiri unavyotoka nje hadi zoni ya 9. Mabasi hayana habari na zoni, nauli ni moja popote uendapo. Treni zina nauli ya saa za msongamano, yaani Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa 12:30 hadi saa 3:30 asubuhi, na kuanzia saa 10:00 jioni hadi saa 1:00 usiku, na zina nauli ya chini kwa saa nyingine zote, wikiendi na sikukuu za kitaifa. Kuna nafuu ambayo wengi hawaijui: jioni, ukitoka nje ya zoni ya 1 kuingia zoni ya 1 hutozwa nauli ya chini, kwa sababu umati wa saa hizo unaelekea upande wa pili.

Msingi wa yote ni ukomo wa siku. Kadi yako ikifikisha kiasi fulani kwa siku moja, safari zinazofuata ndani ya zoni hizo hazikatwi tena. Siku katika hesabu hii huanza saa 10:30 alfajiri na kuishia alfajiri inayofuata, kwa hiyo anayerudi kwa basi la saa saba usiku bado yuko ndani ya siku ya jana.

Chukueni mfano wa mama aliyefikia kwa mwanawe jirani na stesheni ya Stratford, kwa viwango vilivyoanza Machi 2025. Saa nne asubuhi anapanda treni ya Jubilee hadi Westminster na kukatwa pauni 2.90. Mchana anakwenda South Kensington kwenye makumbusho, safari ambayo yote iko ndani ya zoni ya 1, anakatwa pauni 2.80. Saa kumi na moja na nusu jioni anarudi Stratford katika saa za msongamano, na nauli yake ilipaswa kuwa pauni 3.50. Hata hivyo ukomo wa siku kwa zoni 1 na 2 ulikuwa pauni 8.90, kwa hiyo safari ya tatu inamkata pauni 3.20 tu. Akitoka tena usiku kwenda kula kwa jamaa, kwa treni ndani ya zoni hizo mbili au kwa basi, halipi kitu.

Angekwenda kwenye mashine ya tiketi akanunua tiketi ya karatasi kwa kila safari, kila moja ingemgharimu karibu pauni 7. Safari tatu ni zaidi ya pauni 20 kwa siku ambayo mwenzake mwenye kadi amelipa 8.90. Tofauti hii ndiyo iliyonifanya niandike uzi huu, kwa sababu anayeilipa mara nyingi ni mtu mzima aliyekuja kumwona mwanawe, ambaye hakuelezwa na mtu yeyote na ambaye aliona ni heshima kununua tiketi kabla ya kupanda.

Ukomo wa siku uliingizwa kwenye kadi ya Oyster mwaka 2005, miaka miwili baada ya kadi hiyo kuanza kutumika. Kabla ya hapo abiria alilazimika kuamua asubuhi kama siku yake itakuwa na safari nyingi za kutosha kumfanya anunue tiketi ya siku nzima, ile Travelcard iliyoanzishwa katika miaka ya 1980, na aliyekosea kukadiria alikula hasara. Kuuondoa mzigo huo wa kukadiria ni jambo la haki kabisa. Ninasikitika tu kwamba nafuu hiyo haimfikii anayesimama mbele ya mashine na kununua karatasi.

#2 Mchangiaji

Ahsante kwa maelezo. Mimi nina kadi ya benki ya nyumbani yenye ile alama ya mawimbi manne, ya kulipia kwa kugusisha kadi kwenye mashine. Je, inakubalika kule, au ni lazima ninunue Oyster?

#3 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, inakubalika. Mabasi ya London yalianza kupokea kadi za benki za kugusisha Desemba 2012, na treni za chini ya ardhi zikafuata Septemba 2014. Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Uingereza zinafanya kazi, mradi kadi yenyewe iwe na uwezo wa kugusishwa na benki yako iwe imeiruhusu kutumika nje ya nchi. Hilo la pili uliulize tawini kabla ya kusafiri, usilikute getini.

Nauli ya kadi ya benki ni ileile ya Oyster kwa mtu mzima asiye na punguzo. Mfumo hauchukui pesa safari kwa safari. Hujumlisha safari zote za siku na kutuma deni moja benki usiku. Kwa hiyo kama benki yako inatoza ada kwa kila muamala wa nje, ada hiyo hukatwa mara moja kwa siku, haidhuru umepanda treni mara ngapi. Mara ya kwanza unapogusisha, huenda ukapata ujumbe wa benki wa senti kumi za pauni. Usishtuke, ni njia ya kuhakikisha kwamba kadi ni hai.

Kuna mambo mawili ambayo nawaomba myashike sana.

La kwanza ni kwamba kadi ya plastiki na simu iliyounganishwa na kadi hiyohiyo ni vitu viwili tofauti mbele ya mashine, hata kama pesa inatoka akaunti moja. Ukiingia stesheni kwa simu na kutoka kwa plastiki, mfumo unaona watu wawili: mmoja aliingia hakutoka, mwingine alitoka bila kuingia. Wote wawili hutozwa nauli ya juu kabisa ya safari isiyokamilika, na ukomo wa siku hauwezi kukulinda kwa sababu safari zako zimegawanyika. Saa ya mkononi yenye malipo nayo ni kitu cha tatu. Chagua kimoja.

La pili, kadi moja ni ya mtu mmoja. Baba hawezi kujigusishia kisha akamgusishia mama kwenye geti linalofuata. Kila mtu mzima awe na kadi yake, na hapa ndipo Oyster inapopata kazi, kwa sababu katika familia nyingi zetu si kila mtu ana kadi ya benki. Oyster ina ada ya kadi isiyorudishwa, nayo unaiwekea salio kwa fedha taslimu au kwa kadi kwenye mashine za stesheni na katika maduka mengi ya mtaani. Ile inayoitwa Visitor Oyster, ambayo huagizwa na kutumwa kwa posta hadi nje ya nchi, siioni faida yake kwa mtu anayesafiri kutoka kwetu.

Kwa wanafunzi kuna sababu nyingine ya kuwa na Oyster. Mwenye kadi ya punguzo la treni ya vijana wa miaka 16 hadi 25, ambayo hutumika Uingereza nzima, anaweza kumwomba mfanyakazi wa stesheni aiunganishe na Oyster yake, na hapo hupata punguzo la theluthi moja kwenye nauli za saa zisizo za msongamano. Punguzo hilo halikubali kuunganishwa na kadi ya benki.

#4 Mchangiaji

Naomba kutofautiana kidogo na mwanzisha uzi. Mimi nilishauriwa na wenyeji ninunue Travelcard ya siku saba na ikanifaa. Kusema kwamba mgeni asinunue tiketi yoyote ni kukaza kupita kiasi.

#5 Mwanzisha uzi

Mkuu, hoja yako ina uzito na nitaifanyia hesabu, kwa sababu iko mahali ambapo tiketi ya siku saba inashinda kabisa, napo ni pale unapofika katikati ya juma.

Mbali na ukomo wa siku upo ukomo wa juma, kwa kadi za benki na, tangu Septemba 2021, kwa Oyster pia. Kwa zoni 1 na 2 mwaka 2025 ulikuwa pauni 44.70, kiasi ambacho ni bei ileile ya Travelcard ya siku saba ya zoni hizo. Anayesafiri sana tangu Jumatatu huufikia mwanzoni mwa siku ya sita, na kuanzia hapo hakatwi tena hadi Jumapili iishe. Tatizo ni kwamba juma la mfumo ni Jumatatu hadi Jumapili, halianzi siku uliyotua wewe.

Sasa mfikirie anayefika Alhamisi na kuondoka baada ya kumaliza shughuli za Jumatano inayofuata, na kila siku anazunguka kiasi cha kufikia ukomo. Alhamisi hadi Jumapili ni siku nne, mara 8.90 ni pauni 35.60. Jumatatu hesabu inaanza upya, siku tatu nyingine ni pauni 26.70. Jumla ni pauni 62.30. Kwa siku saba zilezile, Travelcard iliyopakiwa kwenye Oyster ingemgharimu pauni 44.70, kwa kuwa yenyewe huanza siku yoyote unayotaka. Tofauti ni pauni 17.60, na hata ukitoa ada ya kadi ya Oyster bado unabaki na faida.

Faida hiyo inategemea kweli kwamba atasafiri kila siku. Mzazi ambaye Jumamosi atashinda nyumbani akipika na Jumapili atakwenda kanisani kwa miguu hafikii ukomo siku hizo, na kwake kulipa kidogokidogo kwa kadi kunabaki kuwa nafuu. Kwa hiyo ninakubaliana nawe kwa anayefika Jumatano, Alhamisi au Ijumaa na ana ratiba iliyojaa. Kwa anayefika Jumapili jioni au Jumatatu, Travelcard haimwongezei kitu.

Sina neno zuri kwa Travelcard ya siku moja ya karatasi. Bei yake iko juu sana ya ukomo wa siku wa zoni 1 na 2, na mtu mzima anayezunguka katikati ya jiji hana sababu ya kuinunua.

#6 Mchangiaji

Shikamoo wakubwa. Nitakwenda na watoto wawili, wa miaka 8 na 13. Je, nao niwanunulie kadi?

#7 Mwanzisha uzi

Marahaba. Huyo wa miaka 8 hatakusumbua. Watoto walio chini ya miaka 11 hupanda mabasi bure. Kwenye treni za chini ya ardhi na zile treni nyingine za mjini ziitwazo DLR, Overground na Elizabeth, watoto wa miaka 5 hadi 10 husafiri bure wakiwa na mtu mzima aliyelipa nauli, na mtu mzima mmoja anaruhusiwa hadi watoto wanne. Pitieni lile geti pana la upande, ambalo wenye mabegi na vigari vya watoto hulitumia, na mfanyakazi wa stesheni huwa karibu nalo.

Wa miaka 13 ndiye wa kufikiria. Akigusisha kadi ya benki atatozwa kama mtu mzima. Mnunulie Oyster ya kawaida, kisha mwende naye pamoja kwa mfanyakazi wa stesheni ya treni za chini ya ardhi mkaombe punguzo la mgeni kijana, ambalo huitwa Young Visitor discount. Mfanyakazi huliweka kwenye mashine ya tiketi mbele yenu, na kwa muda wa siku 14 mtoto hulipa nusu ya nauli ya mtu mzima. Ombeni kabla ya safari ya kwanza. Mkitua Heathrow, ombeni hapohapo kwenye stesheni ya uwanja wa ndege, kwa sababu safari ya kuingia mjini ndiyo ndefu na ndiyo ghali.

#8 Mwanzisha uzi

Kwa kuwa Heathrow imetajwa, niieleze, maana ndiko wengi wetu tunakotua na ndiko makosa ya kwanza yanakofanyika mtu akiwa amechoka na safari ya usiku kucha.

Kuna treni tatu na zote zinapokea kadi ya kugusisha, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu geti halikuulizi kama unajua bei. Piccadilly, ambayo ni treni ya chini ya ardhi ya kawaida, ilikuwa pauni 5.80 hadi zoni ya 1 mwaka 2025, nayo huchukua karibu saa nzima. Tangu Septemba 2022 safari hiyo haina nauli ya chini, hata ukitua saa sita mchana unalipa ile ya msongamano. Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 2022, hukufikisha katikati ya jiji kwa kama nusu saa, na nauli yake ni zaidi ya pauni 13. Heathrow Express huenda stesheni ya Paddington mjini kwa dakika 15 bila kusimama njiani, na ukigusisha siku hiyohiyo utatozwa pauni 25 au zaidi. Mgeni wa familia mwenye begi moja apande Piccadilly. Mwenye mizigo mizito au mzee ambaye ngazi zinamwelemea, Elizabeth inastahili ile nyongeza, stesheni zake mpya za katikati ya jiji zina lifti na nafasi ya kutosha. Express sijaona mtu wa kumshauri aipande, isipokuwa aliyekata tiketi mapema sana kwa bei ya punguzo.

Anayetua usiku wa manane asikimbilie teksi. Basi la N9 hufanya kazi usiku kati ya Heathrow na Aldwych, katikati kabisa ya jiji, kwa nauli ileile ya basi lingine lolote.

Na kama mwenyeji wako anaishi katika mji wa Reading, nje ya London, ambako Elizabeth inafika, shika kadi ya benki. Oyster haikubaliki hadi huko, ingawa kadi ya benki inakubalika njia nzima.

#9 Mchangiaji

Kuna jamaa yangu alipigwa faini kwenye DLR na anaapa kwamba hakuona geti lolote. Inawezekanaje?

#10 Mwanzisha uzi

Inawezekana kabisa, na anasema kweli. Stesheni nyingi za DLR, zile treni ndogo za upande wa mashariki, hazina mageti. Unashuka ngazi moja kwa moja hadi barabarani, na kitu pekee kinachokuhusu ni nguzo fupi yenye duara la njano la kugusishia, ambalo ukiwa unaongea na simu unalipita. Stesheni kadhaa za Overground ziko hivyohivyo. Kutogusisha wakati wa kuingia ni kusafiri bila nauli hata kama kadi iko mfukoni na ina pesa, na tangu Machi 2024 faini yake ni pauni 100, inayopungua kuwa 50 ukiilipa ndani ya siku 21. Kutogusisha wakati wa kutoka hakuleti faini, lakini kunaleta ile nauli ya juu ya safari isiyokamilika. Ikiwa hilo limetokea kwa bahati mbaya, jisajili kwenye tovuti ya TfL kwa kadi yako, utaona safari zako moja baada ya nyingine na unaweza kuomba urejeshewe.

Katika baadhi ya stesheni za kubadilishia treni, kama Highbury & Islington, Canada Water na Willesden Junction, utaona mashine za rangi ya waridi. Hizo hazianzishi safari wala hazimalizi. Zinauambia mfumo kwamba umezunguka pembeni bila kupita zoni ya 1, na nauli inashuka. Ukipita hapo ukibadilisha treni, gusisha.

Kwenye basi ni kinyume. Panda kwa mlango wa mbele, gusisha kando ya dereva, subiri taa ya kijani, na wakati wa kushuka usiguse kitu. Usimpe dereva noti, mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu Julai 2014, na hakuna kondakta wa kukurudishia chenji. Nauli ilikuwa pauni 1.75 mwaka 2025, na ndani ya saa moja tangu ulipogusisha mara ya kwanza unaweza kupanda mabasi mengine bila kulipa tena, ilimradi ugusishe kadi ileile kila unapopanda. Mwaka huo safari tatu za kulipia zilifikisha ukomo wa mabasi wa pauni 5.25 kwa siku. Kwa mgeni mwenye muda, ambaye amekuja kuliona jiji, basi la ghorofa ndilo ningempandisha kwanza, kwa sababu anayekwenda kwa mabasi siku nzima hawezi kulipa zaidi ya ukomo huo wa mabasi hata akizunguka jiji lote.

#11 Mchangiaji

Swali la mwisho kutoka kwangu. Salio likibaki kwenye Oyster siku ya kuondoka, linapotea?

#12 Mwanzisha uzi

Halipotei. Likiwa ni kiasi kidogo, hadi pauni 10, mashine za tiketi kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi zinaweza kukurudishia. Likizidi hapo, omba kupitia tovuti au simu ya huduma kwa wateja. Ada ya kadi hairudi. Salio lenyewe halina tarehe ya kuisha, kwa hiyo ndugu wengi huiacha kadi mezani kwa mwenyeji wao, na mgeni anayefuata kutoka nyumbani huikuta tayari. Akiipokea, aitazame kwanza salio kwenye mashine kabla ya kupita getini. Na kama kadi hiyo ilikuwa na punguzo la mtoto, lile la siku 14 litakuwa limeshakwisha, kwa hiyo mtoto mwingine atakayeitumia itabidi aombewe upya stesheni.